Kidonda cha Zeriki

Kitabu kiliingia nyumbani kwetu kikiwa kimefunga bizari. Wifi yangu Somoe alikwenda dukani kwa Gulamabbas, lile duka la njia panda ya Kilambo, akarudi na bizari yake ndani ya karatasi yenye maandishi. Badala ya kuimimina koponi akasimama jikoni kuisoma ile karatasi huku samaki wanaungua. Mimi ndiye niliyewaokoa samaki. Ningejua kinachokuja ningeitupa karatasi ile motoni na bizari yake, tukala chukuchuku mwaka mzima.

Naitwa Hadija. Mussa, mume wa Somoe, ni kaka yangu wa tumbo moja, na mwaka huo wa sabini na mbili nilikuwa nimerudi kwake baada ya talaka ya pili. Nilikuwa nyumbani kutwa, nikiona kila kitu na kusema karibu kila kitu. Watu wa kijiji chetu wakitaka kumnyamazisha mtoto walimwambia atapelekwa kwa Shangazi Hadija, na mtoto alinyamaza kweli. Wala haikunichukiza.

Somoe alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia, darasa lile lililofanyika kwenye ghala la korosho. Mimi nilikataa kwenda, nikasema macho yangu yamechoka, ingawa ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa. Yeye alisoma kwa pupa. Ila vitabu alivyopewa vilimfundisha kuchimba choo na kupanda mikorosho kwa mistari, mambo ambayo alikuwa akiyafanya tangu msichana. Halafu ikaja karatasi ya bizari. Ilisema kuna mji uitwao Mahrani, umejengwa juu ya migongo ya kobe wakubwa kama vilima, na mji huo haujawahi kulala mahali pamoja mara mbili. Ilisema kijana mmoja mchunga kobe, jina lake Zeriki, amemsikia kobe wa mbele akilia. Na hapo karatasi ikaisha, sentensi ikiwa bado inaning'inia.

"Analilia nini?" Somoe aliniuliza.

"Nani?"

"Kobe."

Nikamwambia akaoshe masufuria.

Kesho yake alirudi kwa Gulamabbas kumuuliza kama ile karatasi ina wenzake. Gulamabbas akamwonyesha boksi zima. Mzungu fulani aliyekuwa akikaa Shangani, kule mjini Mtwara, alikuwa amehama na kuacha makaratasi, na Gulamabbas aliyachukua ya kufungia bidhaa. Kati yake lilikuwamo hili libuku la Kiswahili, nene kama tofali, limekwisha kupoteza jalada na kurasa za mwanzo, hata jina lake hatukulijua kamwe wala aliyeliandika. Mkewe Sakina alikuwa akilichana jani moja moja, hili la bizari, hili la karanga. Gulamabbas hakuwa mtu mbaya. Alisema aletewe magazeti ya uzito uleule, atalitoa. Basi Somoe akazunguka kuomba magazeti kwa mwalimu wa kisomo, kwa katibu wa tawi, mpaka kwa askari wa kizuizi cha barabarani, na siku ya siku kitabu kikawekwa kwenye mizani upande mmoja na magazeti upande wa pili. Kilikuwa kizito. Ilibidi atoe na kikapu chake kuyaongezea magazeti.

Hakuishia hapo. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alinunua karanga wiki ile, ili akusanye majani yaliyokwisha kuchanwa. Mengine aliyapata yana mafuta, mengine yana harufu ya pilipili, na moja alilikuta limeziba tundu la ukuta kwa Bi Salma. Alilibandua taratibu, akaziba lile tundu kwa udongo.

Akaanza kutusomea. Alasiri, wakati wa kumenya mihogo, tulikaa uani kwetu: Somoe na kitabu chake, mimi na kisu changu, na jirani yetu Zuhura, mama yake Hassani. Zuhura naye hakwenda kisomo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutokea tumboni, na alisikiliza kwa mwili mzima. Watu wa Mahrani wakiwa na kiu, Zuhura aliomba maji. Malkia Sawida, ambaye hajalala usingizi tangu kuzaliwa, alipokaribia kusinzia kwenye kiti chake, Zuhura alipiga kelele, "Mwamsheni jamani!" na kuku wote wakatawanyika.

Mimi nilijifanya sisikilizi. Nilisema, "Mji unatembea kwa mwendo wa kobe, utafika lini?"

"Ndiyo maana kitabu kinene," Somoe alijibu.

Siku ile nilicheka mpaka nikajikata kidole, na tangu siku ile nilimpenda wifi yangu. Kabla ya hapo nilimwona mwanamke wa kuringa tu.

Tulikipenda kile kitabu, sitaki kudanganya. Wakati ule maofisa walikuwa wakituambia tujiandae kuhama, twende kwenye kijiji kipya mbali na mto, na sisi tukawa tunataniana kwamba watu wa Mahrani wamebahatika, wao wanahamishwa na nyumba zao. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vinanguruma. Ndege za Mreno zilipita juu mchana kweupe, zikageuka, na baada ya kitambo ardhi ilitikisika kidogo chini ya vigoda vyetu. Kitabuni walikuwamo maadui waitwao Watu wa Jivu, wasio na sura, ambao kila wanapopita hakuna kinachoota. Ikipita ndege, Zuhura alisema polepole, "Watu wa Jivu hao." Mwanzoni ilikuwa mzaha.

Lakini Somoe alimpenda Zeriki kuliko sisi sote. Zeriki alikuwa mtoto wa watu maskini, mwoga wa giza, aliyelazimika kuongoza kobe wa mbele baada ya baba yake kuuawa. Somoe alikuwa akimzungumzia hata kitabu kikiwa kimefungwa. Akipika alisema, "Sijui leo Zeriki amekula nini." Mussa alisema mkewe ameolewa mara ya pili bila yeye kupewa taarifa. Alitania hivyo mbele ya wanaume wenzake, wakacheka, na Somoe akacheka. Ila mimi nilikuwa naona jinsi anavyomwangalia mwanawe Issa akirudi kuchunga mbuzi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nilijua kabisa Zeriki ana sura ya nani.

Msimu wa baridi ulipofika, mavuno yakiwa ghalani, watoto wakaitwa jandoni. Issa alikuwamo, na Hassani wa Zuhura, na wengine wa vitongoji vya jirani. Zamani kumbi, banda la jando, ilijengwa karibu na mto, maji yaliko. Mwaka huo askari walikataza kwa sababu ya mabomu, wanaume wakaijenga kwenye kichaka kinene nyuma ya mikorosho, mahali ambapo wazee wawili walisema hapafai na hawakusema kwa nini. Ngariba alikuja, kazi ikafanyika, ngoma zikapigwa asubuhi yote ili akina mama tusisikie sauti za watoto.

Baada ya hapo mama hamwoni mwanawe mpaka siku ya kutoka. Anapika, anatia chakula kwenye bakuli la udongo lenye alama yake, anakwenda kuliweka penye mkeka mwanzo wa kichaka, anaondoka bila kugeuka nyuma. Jioni anakuja kuchukua bakuli. Likirudi tupu, mtoto anakula, mzima. Likirudi na chakula, mtoto ni mgonjwa. Na likirudi limevunjika hakuna anayemweleza mama chochote, kwa kuwa ameshaelezwa. Miiko ya mama ni mingi: asisuke nywele, asilale na mume, asigombane. Mkubwa wa yote, asilie. Wanasema chozi la mama huenda moja kwa moja kwenye kidonda, kidonda kikabaki kibichi, na halichagui mtoto, kwa sababu watoto wa kumbi moja damu yao imemwagika mahali pamoja. Hata yule aliyerudishiwa bakuli lililovunjika halii. Ataendelea kupika na kupeleka chakula kama wenzake, kwa bakuli jingine, mpaka watoto waliobaki watoke. Hapo ndipo ataruhusiwa kulia.

Bi Salma, nyakanga wetu, msimamizi wa miiko ya akina mama, alituita na kutukumbusha hayo yote, ingawa tulikuwa tunayajua. Mimi sina mtoto, lakini shangazi naye anafungwa na mwiko. Alasiri Somoe alipotoa kitabu, Zuhura alisimama mlangoni.

"Mimi sitasikiliza, shoga," alisema. "Kitabu hiki kinanichekesha na kinaniliza. Nitasikiliza watoto wakitoka. Nishikie hapo hapo, usimwache Zeriki aende mbali."

"Nitasoma kidogo tu," Somoe alisema.

"Soma wewe. Lakini usiniambie."

Hakusoma kidogo. Alikuwa na hofu ya mtoto, na mwenye hofu anatafuta mahali pa kuiweka. Alisoma akisonga ugali, alisoma akingoja mihogo ikauke. Akawa ananisomea mimi kwa sauti ya chini, maana hakujua kusoma kimoyomoyo. Kisomo chao kilikuwa cha kuimba kwa pamoja. Na siku chache baada ya watoto kuingia, Zeriki akachomwa mkuki na Watu wa Jivu. Ulikuwa mkuki wa jivu, kitabu kilisema, na kidonda chake hakikauki.

Sikupenda. Nilimwambia, "Wifi, kifungie kitabu hicho sandukuni."

"Nikikifunga sasa atabaki na kidonda."

"Abaki nacho. Ni maandishi hayo."

"Mwezi mzima, Hadija? Nimwache mtoto wa watu na kidonda mwezi mzima, wakati naweza kwenda kumtafutia dawa hapo mbele?" Alizishika kurasa zilizobaki, bado zilikuwa nyingi. "Dawa itakuwamo humu. Kitabu chote hiki hakiwezi kukosa dawa."

Nilimwona anavyozing'ang'ania kurasa zile, nikaelewa kuwa hasomi tena kwa raha. Alikuwa ameweka nadhiri moyoni, ya kipuuzi, ambayo hakuthubutu kuitamka: Zeriki akipona, na Issa atapona. Ningemnyang'anya. Nilikuwa na nguvu za kumnyang'anya. Lakini nami nilitaka kujua.

Ilikuwa adhuhuri, jua kali, mihogo imeanikwa juu ya paa. Mimi napepeta. Somoe alisoma jinsi Malkia Sawida alivyoleta waganga kutoka falme zote, kila mmoja akaondoka ameinamisha kichwa. Alisoma jinsi Zeriki alivyoomba abebwe mpaka shingoni kwa kobe wa mbele. Naikumbuka sehemu hiyo neno kwa neno. "Akaweka kiganja chake karibu na jicho la mnyama yule, akanena: Nenda, usiningoje. Na kobe hakwenda. Na Mahrani yote ikasimama, nyumba na minara na masoko, na kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwake watu wakasikia ukimya wa ardhi isiyosogea. Hapo wakajua kwamba Zeriki amekufa."

Somoe alipiga ukelele. Haikuwa kwikwi ya kujificha, ilikuwa sauti ya msibani, ile inayowatoa majirani mashambani. Niliangusha ungo, nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kanga yangu, na machozi yake yakapita katikati ya vidole vyangu, ya moto. Nilimwambia nyamaza, nyamaza, unamuua mtoto. Ndivyo nilivyosema. Hakuweza kunyamaza.

Wakaja. Wanawake wote wenye watoto kumbini walijaa uani kwetu, wengine na michi mikononi, na Bi Salma mbele yao.

"Nani amekufa?" Bi Salma aliuliza. "Umeletewa habari gani?"

"Hakuna habari," nilisema mimi. "Ni kitabu."

Hawakuelewa. Somoe akafuta uso, akasimama. Alikuwa na kiburi chake, na siku ile nilikishukuru. "Nimemlilia mtu wa kitabuni," alisema. "Si mtu wa kweli, hajazaliwa wala hajafa. Sikumlilia mwanangu wala mtoto wa mtu. Mwiko umekataza kumlilia mtu, haukukataza kulilia karatasi. Chozi la kitabu si chozi."

"Nangu, mimi, sina kisomo, mwanangu," Bi Salma alisema. "Lakini naona shavu lako limelowa."

Mmoja akasema kitabu kichomwe. Mwingine akasema na mwenyewe aondoke kijijini. Ndipo Zuhura akapita katikati yao na mwili wake ule, akasimama upande wetu.

"Mwacheni," alisema. "Mimi nakijua hicho kitabu. Hata ningekuwa mimi ningelia. Kama anasema chozi la kitabu si chozi, basi si chozi. Rudini mkapike."

Waliondoka, si kwa kuridhika. Kitabu kilitiwa sandukuni na ufunguo akachukua Mussa.

Jioni hiyo bakuli la Issa lilirudi na chakula.

Sisahau ugali ule, umekauka juu, haukumegwa hata tonge. Somoe alilibeba bakuli kwa mikono miwili mpaka nyumbani, wanawake wakitupisha njia kwa mbali. Kesho yake likarudi hivyo hivyo. Na keshokutwa. Mussa akaenda kumbini, baba anaruhusiwa, akakaa huko kutwa. Aliporudi alinawa mikono muda mrefu. Baba haruhusiwi kusema aliyoyaona, na hakusema. Somoe alikuwa akimwangalia mdomo tu. Mussa akaingia ndani na kutoka tena, akamwambia mkewe, "Umeridhika?" Kaka yangu hakuwahi kumwambia mkewe neno kama hilo, na sikumsamehe kwa muda mrefu.

Nilianza kuogopa kila kitu. Ndege ikipita niliona inatutafuta sisi. Majirani hawakuja tena kuomba moto, isipokuwa Zuhura, ambaye alimletea Somoe uji na kumlazimisha kunywa. Bakuli la Hassani lilikuwa likirudi tupu, limefutwa kwa kidole. Zuhura alilificha chini ya kanga ili asituumize.

"Atakula kesho," alimwambia Somoe. "Hassani wangu atamlazimisha. Unawajua walivyo hao wawili."

Somoe hakulia tena. Alikuwa amekauka, macho makavu, midomo mikavu. Usoni alikuwa kama mtu anayehesabiwa makosa yake moja moja, ila bado alisema, kila nilipomtazama, "Chozi la kitabu si chozi, Hadija." Nilimjibu ndiyo. Alirudia tena na tena, nami nilijibu ndiyo, na kila nilipojibu niliamini kidogo zaidi kwamba si kweli.

Kisha ikaja ile jioni. Tulikwenda mkekani sote. Wanaume huyafunika mabakuli kwa majani ya mkorosho, na sisi huyafunua. Kwa mbali niliona funiko moja limelala chini kuliko mengine. Somoe naye aliliona. Alinishika mkono juu ya kiwiko, na kucha zake zikaingia nyamani. Bi Salma akainama, akaondoa jani. Bakuli lilikuwa vipande.

Nilitafuta alama. La Somoe lilikuwa na nukta za mduara. Hili lilikuwa na mistari ya mwiba wa samaki.

Nitasema nilichohisi, maana sioni faida ya kukificha. Nilifurahi. Furaha ilinijaa, nikageuka kumtazama wifi yangu nikamwona naye amefurahi, uso mzima, hakuweza kuuzuia. Bakuli la Issa lilikuwa pembeni, tupu.

Zuhura alipiga magoti. Aliviokota vipande vyote, hata vidogo, akavitia kwenye pindo la kanga. Alipoinuka alitutazama. Alituona jinsi tulivyo. Hakulia, na mdomo wake haukucheza. Alitembea mbele yetu mpaka kijijini, na asubuhi tulisikia mchi wake kama kawaida.

Hassani alikufa kwa nini? Wanaume walijua. Wengine walinong'ona juu ya homa, wengine juu ya kisu cha ngariba. Akina mama hawakuwa na haja ya kunong'ona, walikuwa na jibu lao, na lilikuwa likiishi nyumbani kwetu. Walipita mbele ya mlango wetu bila salamu. Na bakuli la Issa sasa likawa linarudi tupu kila jioni, na kila lilipokuwa tupu walizidi kutuchukia.

Zuhura alikuja alasiri moja, wakati ule ule wa zamani. Alikuwa na ungo wake kwapani. Alikuwa amepungua, ngozi imemning'inia mikononi. Somoe alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakuna pole inayoruhusiwa kabla watoto hawajatoka.

"Nimekuja kusomewa," Zuhura alisema.

"Zuhura—"

"Koo limeniziba, shoga. Siwezi kumeza. Usiku najifunika kanga usoni nisije nikasahau nikalia. Nikilia, watoto waliobaki watapata madhara, na Issa yumo." Alikaa kwenye kigoda chake kilekile. "Lakini wewe ulisema chozi la kitabu si chozi. Na mimi nilisimama hapa nikakutetea. Basi nisomee pale ulipolia. Nilie hilo la kitabu, ambalo si chozi. Kidogo tu, koo lifunguke."

Ufunguo Mussa alikuwa ameuacha juu ya rafu. Somoe alinitazama. Sikumsaidia kwa lolote. Nilikuwa nawaza kuhusu Issa, kumbini, na kidonda chake kinachoanza kufunga. Alikwenda kufungua sanduku. Aliporudi na kitabu alikifungua bila kutafuta, kwa maana majani ya pale yalikuwa bado yamekunjamana kwa maji.

Zuhura alikamata pindo la kanga kwa mikono miwili, akaliweka tayari kifuani. Uso wake aliuacha wazi kabisa.

Somoe akasoma. Alianza vizuri: Malkia Sawida, waganga kutoka falme zote, vichwa vimeinama. Zeriki akaomba abebwe mpaka shingoni kwa kobe wa mbele. Akaweka kiganja chake karibu na jicho la mnyama yule. Hapo Somoe akasita. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari. Nilijua neno linalofuata.

"Na kobe akageuza kichwa," Somoe alisoma, "akamlamba kile kidonda. Na kidonda kikakauka."

Kidole kiliendelea kwenda, mstari baada ya mstari, na sauti yake ikaendelea. Zeriki akaketi. Zeriki akaomba uji. Watu wa Mahrani wakapiga vigelegele na mji ukaendelea na safari yake. Mwandishi wa kitabu kile asingemfanya Zeriki aombe uji; yalikuwa maneno ya Somoe, ya jikoni kwetu, na mimi niliyejua kila neno la kweli nilikaa kimya nikimwomba Mungu Somoe asikosee. Tulikuwa tunamlinda mtoto wetu. Mbele yetu Zuhura alikuwa anangoja. Pindo la kanga lilikuwa bado kifuani. Alingoja mpaka Somoe alipofika mwisho wa ukurasa na kuinua macho.

"Akapona?" Zuhura aliuliza.

"Akapona."

"Hakufa?"

"Hakufa, Zuhura."

Zuhura aliliachia pindo la kanga. Alimtazama Somoe, akanitazama mimi, akamrudia Somoe, bila hasira, polepole, kama mtu anayesoma.

"Basi siku ile," alisema, "ulikuwa unalia nini?"

Kidole cha Somoe kilikuwa bado juu ya ukurasa. Zuhura akainuka, akachukua ungo wake, akaenda nyumbani kupika, kwa sababu wakati wa kupeleka mabakuli ulikuwa unakaribia.